Mizimu Tunaichekea Nini?

Vijana wenzangu, tumezoea. Mzee wa kijijini akitokea kwenye hadithi zetu, lazima amwage pombe kaburini, kisha msomi aliyetoka mjini amcheke. Eti hiyo ndiyo fasihi ya kisasa! Mimi mwenyewe niliandika hadithi ya namna hiyo nilipomaliza kidato cha nne. Leo naionea aibu.

Sababu iko nyumbani kwetu Tarime. Bibi yangu mkubwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, bibi alitoa ng'ombe akaoa msichana. Sisi Wakurya, wa Tarime hata wa Serengeti, tunaiita nyumba ntobhu. Msichana yule ndiye aliyemzaa baba yangu, kwa mwanamume asiyekuwa na dai lolote juu ya mtoto. Baba akaitwa kwa jina la marehemu, akarithi boma na mifugo. Kwa hiyo babu ninayemtambikia alikufa kabla baba yangu hajazaliwa, na kaburi lake ndilo linaloniingiza kwenye ukoo. Haya, cheka basi!

Wala si ushamba wa Mara peke yake. Huko Uchina, wafuasi wa Confucius wamewafukizia wahenga wao ubani kwa karne nyingi, na Mencius alifundisha kwamba kukosa mrithi ndiko kuwakosea wazazi kukubwa kuliko kote. Bibi mkubwa hakumsoma Mencius, lakini swali lao ni moja: nani atalikumbuka kaburi?

Ila na nyie mnaoimba kila siku "mila zetu, mila zetu", msishangilie bado. Bibi mdogo, aliyemzaa baba, hakuulizwa. Ng'ombe walikwenda kwa baba yake, yeye akaja kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Angefukuzwa, angekwenda kudai wapi? Naye amekwishafariki. Siku ya tambiko jina la babu linatajwa, la bibi mkubwa linatajwa, lake halitajwi.

Hapo ndipo penye riwaya, jamani, na hakuna anayeiandika! Mzimu ana haki ya kukumbukwa, sawa, lakini na tumbo lililoujaza ukoo je?

Mara ya mwisho tulipotambika, nilimtaja bibi mdogo mbele ya wazee. Wakanyamaza. Mmoja akakohoa, akaniambia, "Mjukuu, endelea." Nikaendelea.