KIWANJA CHANENEPA, NG'OMBE JE?



Siku ya Jumapili, tarehe 4 Agosti, 2024, sisi wachache wa chama tulifunga safari kwenda kiwanja cha Nzuguni, Dodoma, kutazama maonyesho ya wakulima na wafugaji yaitwayo Nane Nane. Tulikwenda kwa nauli zetu wenyewe pamoja na watoto wetu, wala hatukutumwa na ofisi yo yote. Twalitaja jambo hili mwanzoni, asije mtu akasema kwamba maneno yetu yametokana na uchungu wa kunyimwa posho.

Kiwanja tulikiona, nacho ni kikubwa. Wenzetu ambao hawakufika kwa miaka kadha walipotea njia, maana palipokuwa na nyasi sasa pana majumba ya matofali yenye vioo. Tulipita mabanda ya benki, tukapita ya simu, tukapita ya bima, ya magodoro na ya masufuria. Vipaza sauti vikishindana hata mtu hasikii jina lake akiitwa. Watoto walifurahi sana, nasi hatuwalaumu. Lakini tulitembea karibu saa nzima kabla ya kunusa harufu ya ng'ombe.

Katika banda la mifugo alisimama mzee mmoja, shuka begani na fimbo mkononi, mbele ya fahali mwekundu aliyeng'aa kama aliyepakwa mafuta. Kijana mwenye kumtunza fahali alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu anakula nini?" Kijana akampa karatasi iliyopigwa chapa. Mzee akairudisha, akasema, "Macho yangu hayasomi. Niambie kwa kinywa." Kijana akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasema, "Mzee wangu, kwanza tuandikie jina lako katika kitabu cha wageni." Mmoja wetu akamsaidia kuandika. Mzee akauliza tena: kwa siku fahali huyu hunywa ndoo ngapi? Na kupe wa kwetu wakimwingia, ataishi? Hakuwahi kujibiwa, kwa sababu wakati ule ule ulifika msafara wa mgeni mheshimiwa. Mzee akasogezwa kando kwa adabu, na fahali akapigwa picha. Msafara ulipokwisha kupita, mzee alikuwa amekwenda zake. Kilichobaki ni jina lake kitabuni.

Ndugu makarani, neno letu ni hapo. Twajua sote jina lile litakavyotumika, kwa maana ni mikono yetu iandikayo. Maonyesho yakiisha, majina yatahesabiwa, na taarifa itapigwa taipu ya kwamba wafugaji kadha wa kadha wamepata elimu ya ufugaji bora. Mzee yule atakuwa mmoja wa walioelimika, ingawa maswali yake matatu ameondoka nayo kama alivyokuja nayo. Je, huo si uwongo? Na kama ni uwongo, mwandishi wake ni nani ila sisi?

Mtu asidhani kwamba maswali yale ni madogo. Mwenzetu mmoja, tuliyefuatana naye siku ile, alitusimulia habari za baba yake. Mzee huyo alimwona mtamba wa maziwa katika maonyesho ya mwaka mmoja uliopita, akampenda, akauza ng'ombe wake 4 wa kienyeji ili ampate. Hakuna aliyemwambia kwamba ng'ombe wa damu ya Ulaya hawezi kustahimili ndigana kali kama astahimilivyo yule aliyezaliwa kati ya kupe. Hakuna aliyemwuliza kama josho la kijijini lina dawa, au lina ufa. Mtamba alikufa kabla ya mvua. Yule mzee alikuwa na ng'ombe 4. Akabaki na ngozi moja. Naye pia, bila shaka, jina lake limo katika kitabu fulani cha wageni, na katika taarifa fulani amehesabiwa kuwa mtu aliyefaidika.

Watu watatujibu: "Nyinyi ni wenye kununa. Hamwoni kwamba kiwanja kinapanuka kila mwaka? Kiwanja kikikua, si dalili kwamba na ufugaji wakua?" Twajibu, hapana. Nchi hii ya Ugogo imekwisha kufundishwa somo hilo kwa gharama kubwa. Kutoka Nzuguni hata Kongwa ni safari ya asubuhi moja. Pale Kongwa, katika mwaka 1947, serikali ya Kiingereza ilianza kulima karanga, na mipango yake ilihesabu ekari kwa mamilioni. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, watu wakafurika. Lakini udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua haikufuata ramani. Kufika mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimekwisha potea. Wenyeji waliijua ardhi ile na mvua yake, lakini walioulizwa walikuwa wachache. Leo sehemu ya nchi ile ile ni ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo waliifanya hapo tangu zamani. Basi apimaye kazi kwa ukubwa wa kiwanja, na akazipime karanga za Kongwa.

Wengine watasema kwamba wafanya biashara ndio walipao kodi ya mabanda, na bila wao maonyesho yatakufa. Sisi hatuwachukii wafanya biashara. Lakini twawakumbusha wenzetu jambo moja. Sikukuu ya wakulima hapo kwanza ilikuwa Saba Saba, siku kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Pole pole siku ile ikawa siku ya biashara, na katika miaka ya 1990 mkulima akapewa siku nyingine, Nane Nane. Maana yake, amekwisha kuhamishwa mara moja. Na sasa biashara imemfuata hata huku, nayo imeshika mabanda ya mbele, yeye yuko nyuma karibu na uzio. Tukimsukuma tena, je, tumtafutie Tisa Tisa?

Tena lipo jambo lituumizalo zaidi, kwa kuwa ni fahari yetu wenyewe. Katika mkoa huu huu, kwenye kituo cha Mpwapwa, tangu miaka ya 1940 wataalamu walichanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya wale wa Bara Hindi, Sahiwal na Red Sindhi, na sehemu ndogo ya damu ya Ulaya, hata akapatikana ng'ombe aitwaye Mpwapwa. Alikusudiwa atoe maziwa na nyama katika nchi ya ukame. Kwa maneno mengine, aliumbwa kuwa jibu la maswali ya mzee yule: ale nini, anywe nini, aishi namna gani. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini ng'ombe wa Mpwapwa hata leo ni wachache mno miongoni mwao. Ni wangapi waliotoka Nzuguni siku ile wakijua apatikanako mtamba wake, na kwa bei gani? Godoro tuliambiwa bei yake mara kumi kwa kipaza sauti.

Kulaumu ni kazi rahisi. Kwa hiyo twataja yatakiwayo.

Kwanza, kila mnyama aletwaye maonyeshoni awe na mtu wa kumwelezea kwa kinywa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, naye aseme chakula chake, maji yake, chanjo zake, gharama yake, na magonjwa yawezayo kumwua. Mwuzaji asemaye sifa tu ni dalali. Mwalimu husema na aibu za kitu.

Pili, lisijengwe banda jipya la ofisi yo yote kabla banda lake la zamani halijatumika mwaka mzima. Wakubwa wametamka mara nyingi kwamba viwanja hivi viwe mashule ya kudumu, lakini mabanda mengi bado hufungwa Agosti ikipita, yakalindwa na buibui. Nyumba ifunguliwayo siku 8 na kufungwa siku 357 si shule.

Tatu, na hili latuhusu sisi. Kitabu cha wageni kisiitwe tena kitabu cha walioelimika. Kiwe na safu ya swali aliloliuliza mtu na kijiji chake, kisha nakala ipelekwe kwa Bwana Mifugo wa kata, naye amfuate mwulizaji nyumbani na kuandika jibu alilompa. Karani atakayeletewa hesabu ya majina matupu aipige taipu kama ilivyo, "waliofika", wala asikubali kuandika "walioelimishwa". Neno hilo moja halihitaji fedha wala ruhusa ya kupanua kiwanja. Lahitaji moyo.

Tulirudi jioni, watoto wamelala, mifuko yetu imejaa kofia na karatasi za bure. Njiani tulimpita mzee mmoja mwenye shuka na fimbo, akitembea kando ya barabara ya vumbi. Hatukuweza kujua kama ni yule wetu. Dereva alipunguza mwendo, tukamsalimu, "Mbukwa!" Akaitikia, akaendelea na njia yake. Tulikuwa watumishi saba katika gari lile, na hapana hata mmoja aliyekuwa na jibu la kumpa.