Kazi Zisizotangazwa: Mzazi Anaweza Kufanya Nini?



Wiki hii tunazungumza na wazazi, hasa kina mama, ambao wana kijana aliyehitimu chuo kikuu na bado yuko nyumbani. Joho limerudishwa, picha ya mahafali imetundikwa sebuleni, na mkopo wa HELB unasubiri kulipwa. Kila siku mwana hutuma maombi kwa watu asiowajua, na jibu halirudi. Miezi ikipita huanza kuwakwepa wageni, akichelea kuulizwa kama amepata kazi. Nasi wazazi, kwa uchungu wa ada tulizolipa, huenda ndio tunaomwuliza swali hilo mara nyingi kuliko wageni wote.

Tangazo linalosomwa na nchi nzima huombwa na nchi nzima. Lakini ziko kazi nyingi ambazo hazifiki gazetini kamwe. Mwenye ghala, mwenye duka la dawa au mkuu wa shule binafsi akipungukiwa na mtu, kwanza huwauliza walio karibu naye: "Hamumjui kijana mwaminifu anayeweza kazi hii?" Akitajiwa mmoja anayefaa, mambo huishia hapo. Hajamdhulumu mtu, kwa kuwa mali ni yake na anatafuta wa kumwamini.

Yapasa tutofautishe mapema kazi za namna hii na kazi za serikali. Nafasi ya serikali, iwe ya taifa au ya kaunti, ni haki ya umma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, inataka watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahiki. Nafasi hizo hutangazwa, ingawa matangazo yenyewe huwapita wengi: humo katika gazeti la MyGov linalotoka kila Jumanne, katika tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma na kwa bodi za utumishi za kaunti. Humo ndimo pia yanamotangazwa mafunzo ya kazini ya miezi 12 kwa waliohitimu. Basi anayekunong'oneza kwamba anayo nafasi ya siri katika idara fulani, na kwamba kinachohitajika ni "chai" tu, ama ni mlaghai ama ni mla rushwa. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wa rushwa, na riziki iliyofunguliwa mlango kwa laana haiwezi kuwa na baraka.

Mfano bora wa kazi isiyotangazwa tunao katika Qur'ani, katika Sura ya 28. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mgeni, hana mali wala jamaa. Akawakuta wanawake wawili wamezuia mifugo yao wakingoja wachungaji waondoke kisimani, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee. Akawanyweshea, kisha akaenda kivulini na kumwomba Mola wake, bila kuwadai chochote. Baadaye mmoja wa wanawake wale ndiye aliyemshauri babake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Yakafuata makubaliano yenye muda maalumu, miaka minane, na ikiwa kumi ni kwa hiari yake.

Tuitazame habari hiyo vizuri. Aliyependekeza alikuwa mwanamke. Alipendekeza jambo aliloliona kwa macho yake, yaani kazi iliyofanyika mbele yake. Na sifa alizozitaja ndizo anazozitafuta kila mwajiri hadi leo: uwezo wa kuifanya kazi na uaminifu wa kuachiwa mali. Hata Bibi Khadija (r.a.) alipomkabidhi Mtume wetu (s.a.w.) biashara yake ya kwenda Sham, kabla ya utume, kilichomvutia ni sifa ya uaminifu iliyokuwa imeenea Makka.

Swali ni nani wa kumtaja mwanetu. Wengi wetu hukimbilia kwa ami na mjomba, na wasipokuwa na nafasi tunakata tamaa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia watu wanaowajua. Katika kila 6, mmoja tu ndiye aliyepewa habari na mtu anayeonana naye angalau mara mbili kwa wiki. Waliobaki walizipata kwa watu wa kuonana nao mara mojamoja au kwa nadra. Sababu si ngumu kuielewa. Jamaa wa karibu hujua yale yale tunayoyajua sisi, ilhali mtu wa mbali huishi katikati ya habari nyingine.

Hapo ndipo mama ana utajiri asioujua. Fikiria wenzako wa chama, wazazi mliokutana madrasa, jirani wa mtaa mliohama, na yule mnayeonana arusini tu. Mwana naye anao wake: msimamizi wa pale alipofanyia mafunzo alipokuwa chuoni, na wanafunzi waliomtangulia mwaka mmoja au miwili. Lakini tusiwaambie watu, "Nitafutieni mwanangu kazi yoyote." Neno hilo halishikiki, na msikilizaji hulisahau kabla ya kufika nyumbani. Semeni hivi: "Mwanangu amesoma uhasibu, anaweza kuandaa hesabu za ghala na kutoa ankara za eTIMS. Je, yuko mwenye duka unayemjua anayesumbuliwa na mambo hayo?" Swali kama hilo msikilizaji anaweza kulibeba.

Sikutoa mfano wa eTIMS bure. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya KRA haikubaliwi katika hesabu za kodi. Wafanyabiashara wengi wa rejareja na jumla waliozoea daftari wamejikuta wanahitaji mtu wa kuwashika mkono, na si rahisi mwenye duka la leso kuweka tangazo gazetini kwa ajili hiyo. Katika utoaji wa mizigo bandarini, kijana mwenye shahada akiongeza cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa mizigo, ambacho husomeshwa na chuo cha KRA, KESRA, huwa ana jambo la kumwonyesha mwajiri. Shule nazo huajiri walimu kupitia bodi zao muhula unapoanza au mwalimu anapokwenda likizo ya uzazi. Anayetaka kazi hiyo awe amekwisha kusajiliwa na TSC, kwani sheria haimruhusu mtu kufundisha bila usajili, hata katika shule binafsi.

Mwajiri akimwita kijana ajitolee kwanza, si vibaya kukubali, ila kuwe na muda uliotajwa na kuandikwa, pamoja na kazi atakayojifunza. Makubaliano ya Madyan yalikuwa na idadi ya miaka. Kujitolea kusiko na mwisho ni kutumiwa.

Kwa mabinti zetu tuongeze tahadhari, bila kuwafungia mlango. Habari ya kazi iliyokuja kwa mdomo haina anwani wala masharti, kwa hiyo ni lazima tuulize: ofisi iko wapi, saa ngapi anatoka, ataruhusiwa stara yake na swala yake? Mahojiano yafanyike ofisini, mchana, na mtu wa nyumbani ajue. Anayemwita binti hotelini kwa "mahojiano ya faragha" hana kazi ya kumpa. Na kama ni kazi ya Ghuba, hakikisheni kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla ya kumkabidhi pasipoti au shilingi.

Mwisho, tuchunge ndimi zetu. Qur'ani, katika Sura ya 4, inatufundisha kwamba anayeombea jambo jema ana fungu lake katika wema huo, na anayeombea baya ana sehemu yake katika ubaya. Kumtaja mwanao kwa sifa aliyonayo ni uombezi mwema. Kumsifu kwa asichokiweza ni kumhadaa mwajiri, na ni kuwafungia mlango vijana watakaokuja baada yake. Ukisikia nafasi isiyomfaa wako, mtajie mwana wa mwenzio. Huenda naye siku moja akamkumbuka wako.

Basi wiki hii badala ya kumwuliza mwanao amefikia wapi, keti naye jioni baada ya Isha, mwandike majina ya watu kumi mliopotezana nao, kisha muanze kuwajulia hali. Mola awape vijana wetu riziki ya halali yenye baraka, na awafungulie milango wasiyoitarajia. Amin.

Wabillahi tawfiq.