Mpeni Kengele, Msimpe Jina

Jioni moja nyumbani kwangu Kisauni niliteleka wali wa nazi, kisha nikaketi kusahihisha insha za wanafunzi. Nilipozinduka, moshi ulikuwa umetanda hadi uani, na sufuriani hamna ila ukoko mweusi. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu utotoni nimeitwa mzembe, mapepe, kichwa maji.

Nikiwa mtu mzima, daktari alinieleza kwamba hali hii huitwa ADHD. Ni tofauti katika utendaji wa ubongo, nayo huanza utotoni. Si uvivu wala si upungufu wa akili. Wengi wetu tulio nayo hutuwia vigumu kuhisi muda unavyopita: dakika 5 na dakika 40 huwa kama ndugu pacha.

Siku hizi, nikishapalia wali makaa, naitega kengele ya simu dakika 15. Ikilia, siinyamazishi mpaka nisimame mbele ya sufuria. Je, hiyo ni aibu? Mbona shule nzima huongozwa kwa kengele, na hakuna mwalimu aitwaye mzembe kwa kuingoja?

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Viboko vya ulimi vingali vinachapa. Nami, mwanaisimu, najua madhara yake: ukishamwita mtoto mzembe, huulizi tena sababu. Walimu wenzangu wa Likoni, Changamwe na Kisauni, mwanafunzi asahauye chungu motoni, au daftari nyumbani, mpeni kengele kabla ya kumpa jina.