Kabla hujanunua betri nyingine, pima kwanza

Leo siongelei mtaji wala mteja msumbufu. Naongelea umeme wa lori, maana wengi wetu huku Kyela biashara inatembea juu ya lori la zamani, liwe lako au la kukodi.

Mimi nina duka Ipinda. Nauza mahitaji ya nyumbani, na msimu wa mavuno nakusanya mchele napeleka Mbeya mjini. Lori ni la tani tatu, la dizeli, nimeachiwa na mjomba. Limenizidi umri.

Mwaka jana lilianza kuwaka kwa shida asubuhi. Stata inazunguka kizembe kama haijala. Fundi akaliangalia kwa macho tu, akasema, "Dogo, betri zimekufa hizi." Nikanunua mbili mpya, 460,000. Cha ajabu, hata na betri mpya stata ilikuwa bado nzito. Ningekuwa na akili ya leo, pale pale ningeshtuka. Wiki tatu mbele, shida ile ile. "Basi ni alteneta," akasema. Nikatoa 250,000 nyingine kwa alteneta ya mtumba, ile ya zamani ikaenda kwenye chuma chakavu. Jumla 710,000, na hakuna aliyekuwa amepima kitu.

Mwezi wa tano nikapakia magunia 28, tukatoka jioni mimi na mtoto wa mjomba ambaye ni utingo wangu. Tulipopita Kiwira kuelekea Isongole mvua ikakaza, ukungu ukashuka. Taa zote ziko juu, waipa zinafanya kazi. Taa za mbele zikaanza kuwa njano, zikafifia kama mshumaa, mwisho sioni barabara. Nikaweka pembeni, nikazima injini nikidhani betri zitajirudi. Hazikujirudi. Hata taa ya kuashiria nyuma hatukuwa nayo. Dogo akashuka na panga akakata matawi, tukayapanga barabarani. Kila lori kubwa likipita, upepo wake unatikisa letu. Nilikaa macho mpaka asubuhi nikifikiria nitamwambia nini shangazi kama mwanawe atagongwa kwa sababu ya lori langu.

Kulipokucha tukaomba msaada tukaliwasha. Mteja wangu Mbeya alikuwa ameshanunua kwa mwingine. Niliuza kwa hasara ya 15,000 kila gunia, yaani 420,000.

Pale Uyole ndipo nilipokutana na mzee mmoja dereva. Nikamsalimia, nikamsimulia. Akauliza swali moja, "Mwanangu, kwani mlipima?" Akatoa mita ndogo kwenye boksi lake. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, kwenye betri alipata volti 25.3. Kwenye alteneta yenyewe, 28.1. Akasema, "Umeme unatoka, ila haufiki." Akaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya alteneta. Ikasoma 2.6. Pale inatakiwa isome karibu na sifuri. Akaingia chini, akakuta ule waya mpana wa athi unaounganisha injini na chasisi umeliwa na kutu, umefunikwa na tope. Mpya ulikuwa 15,000. Tukapiga msasa sehemu unaposhika, tukaufunga, tukapaka grisi. Mpaka leo lori linawaka kwa mguso mmoja.

Msimamo wangu ni huu: usitoe hela ya kifaa chochote cha umeme kabla mtu hajakupimia mbele ya macho yako. Sisi kwenye mchele hatununui gunia bila kulipandisha kwenye mzani. Kwa nini kwenye betri tukubali kukadiriwa kwa macho?

Mimi nimeishia kidato cha nne, umeme wa magari sijausomea. Haya nimejifunza kwa kuuliza na kufanya mwenyewe, na nawe unayaweza:

1. Anza bila hela. Zima injini. Bonyeza mkanda wa alteneta katikati kwa kidole gumba. Ukicheza zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Ukiwa na nyufa, umeng'aa kama kioo au umelowa oili, utateleza na chaji itapungua. Angalia vichwa vya betri kama vina unga mweupe au wa kijani. Kisha fuata waya wa hasi kutoka betri mpaka chasisi, na kutoka chasisi mpaka injini. Huku kwetu mvua ni nyingi na tope halikauki, kutu ni ya kawaida.

2. Angalia taa ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi iwake, injini ikiwaka izime. Kama haiwaki kabisa, usifurahi. Kwenye magari mengi umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta, kwa hiyo globu ikiungua chaji inaweza kukosekana. Ila isikudanganye pia: kwangu ilikuwa inazima vizuri kabisa.

3. Pima betri. Lori likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ya volti 12 isome karibu 12.6. Ukiwasha injini ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Malori mengi ya Kijapani yana betri mbili zilizoungana kuwa 24, kwa hiyo zidisha mara mbili: karibu 25.2 likiwa limelala, 27.6 mpaka 28.8 likiwa linaunguruma. Isipopanda, chaji haifiki. Ikipita 15 kwa mfumo wa 12, au 30 kwa mfumo wa 24, regyuleta imekufa na betri zinachemshwa. Pima tena taa zikiwa zimewashwa, maana bila mzigo ugonjwa unajificha.

4. Chaji isipofika, pima njia. Alteneta ikitoa vizuri lakini betri ikapata kidogo, tatizo ni waya, fyuzi au maungio. Usibadilishe alteneta.

5. Chaji ikiwa nzuri mchana lakini asubuhi betri iko chini, ama betri yenyewe imechoka, ama kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Redio na taa za kujiungia ni washukiwa wa kwanza.

Na kitu kimoja usikubali: fundi kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma ili "aone kama alteneta inachaji". Umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza regyuleta. Utakuja na ugonjwa mmoja, utaondoka na miwili. Cheche karibu na betri nayo inaweza kuilipua. Ukiwa unapima, vua saa na pete, na weka mikono mbali na feni.

Kuna watakaosema, "Dizeli ya zamani haina shida, sukuma iwake twende." Ni kweli, nyingi zikishawaka zinatembea bila kudai umeme mwingi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mchana linakubeba, usiku kwenye ukungu linakuacha. Tena malori madogo mengi ya dizeli yana pampu ya breki nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika unashuka mteremko wa Tukuyu na gunia 28, breki nazo zinakuwa nzito mguuni.

Wengine watasema namdharau fundi. Hapana. Fundi mwenye mita namheshimu na namlipa bila kubishana. Asiye na mita anabahatisha kwa hela yangu. Ukimwambia "fundi, nioneshe inasoma ngapi", hujamtukana.

Mita yangu nilinunua 25,000, inakaa chini ya kiti. Namba ninazosoma kila Jumamosi naandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa nyuma. Zikianza kushuka najua mapema, kabla sijapakia mzigo wa mtu.

Kama lori lako linasukumwa kila asubuhi, kesho usilipeleke dukani kwa muuza betri. Lala chini yake kwanza, uangalie waya wa athi.