Hakimiliki ni Eka Tatu za Mwandishi

Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaandika. Hilo ni jambo la kushukuru wala si la kushangaza, kwani visiwa hivi ndivyo vilivyomtoa Mohamed Said Abdulla, ambaye riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Ndivyo vilivyomtoa Adam Shafi, na ndiko alikozaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Lakini imeingia desturi inayotutia wasiwasi. Kijana humaliza riwaya yake, huitia mwenyewe mtandaoni kuwa kitabu cha kielektroniki, hungoja wanunuzi na wanunuzi hawaji. Hapo ndipo huanza kuwaandikia watu wa London na New York akitafuta wakala wa kumuuzia. Juu ya safari hiyo tuna la kusema.

Kwanza, yafaa ieleweke wakala ni nani. Wakala wa waandishi ni dalali, na watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa udalali. Husoma mswada, huupeleka kwa wachapishaji, hujadili mkataba, kisha hukata fungu lake katika malipo ya mwandishi. Ada ya kawaida katika Uingereza na Marekani ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani, na asilimia 20 kwa mauzo ya nje na tafsiri. Pasipouzwa kitu, naye hapati kitu. Kwa hivyo, yeyote anayemtaka mwandishi atoe fedha mbele, ati ni ada ya kusoma au ya usajili, huyo si dalali bali ni mlaghai.

Pili, kitabu kilichokwisha kutolewa hakina tena thamani ile ile sokoni. Mchapishaji hupenda awe wa kwanza kukitoa, na aghalabu hutaka pia haki ya kukiuza kwa njia ya elektroniki. Ikiwa mwandishi amekiuza mwenyewe, na walionunua ni jamaa na majirani, wakala huona kuwa soko limekwisha kujaribiwa na limekataa.

Wapo waliofaulu, hatukatai. Mmarekani Andy Weir aliiuza The Martian mtandaoni kwa senti 99 mwaka 2011, na mwaka 2014 ikatolewa upya na kampuni kubwa. Mwenzake Hugh Howey aliwapa Simon & Schuster, mwaka 2012, haki ya kuichapa Wool kwenye karatasi tu, naye akabaki na haki ya elektroniki. Lakini tuzingatie sababu. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuuza maelfu ya nakala kabla mchapishaji hajawajia. Tena walikuwa wakiuza kwa Kiingereza, katika nchi ambayo msomaji ana chombo cha kusomea na kadi ya kulipia. Nguvu yao katika mkataba ilitokana na wasomaji wao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mawakala wa London wanauza Kiingereza. Mswada wa Kiswahili unaokataliwa nao si lazima uwe mbaya. Umepelekwa soko lisilo lake, kama mtu aliyepeleka karafuu kwenye mnada wa samaki. Mchapishaji wa Kiswahili hupokea mswada mkononi mwa mwandishi mwenyewe pasi na dalali. Hata riwaya ya Gurnah, Paradise, ilipotiwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Aidha zipo tuzo, kama ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Lakini mashindano mengi ya miswada hayapokei kazi iliyokwisha kutolewa, na kitabu kinachouzwa mtandaoni kimekwisha kutolewa, hata kama kimenunuliwa na watu watatu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni hakimiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mkulima aligaiwa eka tatu ili asiwe tena mtumwa wa mwenye shamba. Hakimiliki ndiyo eka tatu za mwandishi. Chuoni tulifundishwa kwamba haifai kuuza matunda yangali mtini kabla haijadhihiri kuiva kwake, kwani ndani yake mna dhulma ya kisichojulikana. Mwandishi anayetia saini na kutoa haki za tafsiri na filamu milele, kwa malipo ya mara moja, anauza matunda asiyoyajua. Hata kubonyeza kitufe ni mkataba: mpango wa KDP Select wa Amazon humfunga mwandishi siku 90 asikiuze kitabu chake cha kielektroniki pahala pengine.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa wahusika. Ofisi ya hakimiliki iwe na mtu wa kuwasomea waandishi mikataba kabla ya saini, si baada ya kilio. Baraza la Kiswahili la Zanzibar liwaongoze vijana kwa wachapishaji wa kweli. Maktaba na skuli zinunue vitabu vya wenyeji. Haitoshi viongozi kumsifu mshindi wa Nobel katika hotuba, huku kijana wa Wete au Makunduchi hana wa kumuuliza maana ya kifungu kimoja cha mkataba.

Na kwa vijana tunasema: subirini. Riwaya ya kwanza ya Gurnah ilitoka mwaka 1987. Nobel ilimfikia miaka 34 baadaye. Mswada uliokaa mwaka mmoja ukisahihishwa hauozi, lakini haki iliyotolewa kwa pupa hairudi kwa urahisi.