Ualimu huanzia dawatini

Mwanachuo wa ualimu akienda mazoezi ya kufundisha, hubeba andalio la somo lililonyooka: utangulizi, mbinu shirikishi, zana. Mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa, mambo huenda. Akishaondoka tu, chaki inaanza kazi yake ya zamani: "Vyanzo vya historia ni..." na darasa zima linanakili kimya. Chuoni hakufundishwa hivyo. Alifundishwa darasa la nne.

Mwanasosholojia Dan Lortie aliligusa jambo hili mwaka 1975 katika kitabu chake kuhusu walimu wa Marekani. Alikadiria kuwa kijana anayemaliza sekondari huko amekwisha kuwatazama walimu kwa saa 13,000 hivi. Ni uanagenzi wa kutazama tu, kwa sababu mwanafunzi humwona mwalimu akifundisha, hamwoni akiumiza kichwa kupanga somo. Miaka miwili au mitatu ya chuo itafuta lipi hapo?

Maarifa ya jamii ndiyo yanayoumia zaidi, maana somo lenyewe liko nje ya dirisha. Magofu ya Kaole yako kilomita chache tu kutoka Bagamoyo mjini, na msikiti wake wa kale hutajwa kuwa wa karne ya 13. Mtoto wa Bagamoyo anaweza kuandika "magofu" kwenye orodha ya vyanzo vya historia, akapata vema yake, bila kuwahi kukanyaga Kaole. Ataandika na "masimulizi ya mdomo", ilhali bibi yake nyumbani hajaulizwa neno. Akija kuwa mwalimu, ataishusha ubaoni orodha ileile, pengine hata kwa mpangilio uleule.

Majina ya masomo yamebadilishwa vya kutosha, ila namna ya kufundisha imebaki ileile. Siasa ya enzi za chama kimoja ikawa Uraia, kisha ikaja Uraia na Maadili, na sasa ipo Historia ya Tanzania na Maadili. Tena kilio chenyewe ni cha zamani: Nyerere, aliyewahi kushika chaki Tabora na Pugu, alilalamika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule zinawafanya watoto waamini maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi, huku busara za wazee zikidharauliwa.

Walimu watasema madarasa yamefurika na nauli ya ziara hakuna. Ni kweli. Lakini mzee wa mtaa aliyeshuhudia vijiji vya ujamaa vikianzishwa anaweza kuja shuleni kwa miguu, na mpaka wa kata hupimwa kwa hatua.

Vyuo navyo vingeweza kuanza na swali moja wiki ya kwanza: somo gani la maarifa ya jamii unalikumbuka tangu utotoni, na mwalimu alikuwa amesimama wapi? Wachache watataja sokoni, mtoni au chini ya mwembe. Hao ndio wa kuombwa wasimulie kwanza, wenzao wakisikiliza.