Bakteria Hai na Tumbo la Mtoto wa Paka

Utumbo wa mtoto wa paka hukomaa hatua kwa hatua. Katika siku ya kwanza hupokea kingamwili zilizomo katika dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mama. Kwa kunyonya, kulambwa na kugusa mazingira yake, mtoto huyo hupata bakteria wanaofanya makao tumboni. Bakteria hao huchachusha mabaki ya chakula, hushindana na viini vya maradhi, tena huuzoeza mwili kujikinga. Kuanzia wiki ya nne hivi, aanzapo kuachishwa ziwa, jamii hiyo ya bakteria hubadilika. Wakati huo ni wa hatari, kwani kuharisha kwa siku chache kwaweza kuumaliza maji mwili huo mdogo, na mtoto akafa.

Hapo ndipo watu wengi huweka matumaini yao katika probiotiki. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walizieleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea mpokeaji manufaa ya afya. Maneno mawili katika maelezo hayo yafaa yazingatiwe: "hai" na "kiasi". Unga ambao bakteria wake wamekufa kwa joto dukani haustahili jina hilo.

Je, zinafaa? Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika makao ya wanyama huko Colorado, Marekani. Baadhi ya paka walipewa bakteria aitwaye Enterococcus faecium SF68, na wengine wakapewa unga usio na bakteria huyo. Waliopewa bakteria, asilimia 7.4 waliharisha kwa siku mbili au zaidi. Wasiopewa, asilimia 20.7. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, mbwa waliojaribiwa vivyo hivyo mahali hapo hawakuonyesha tofauti ya maana. Ni dhahiri basi kwamba lililothibitika kwa mnyama mmoja halithibitiki kwa mwingine, wala la bakteria mmoja si la bakteria wote. Majaribio hayo pia hayakuwahusu watoto wa paka peke yao.

Tena takwimu hizo zina fundisho jingine. Miongoni mwa paka wasiopewa bakteria, karibu 79 katika kila 100 hawakuharisha kwa muda huo. Kwa hiyo mwenye paka asemaye, "Nilimpa unga, naye akawa mzima," hajathibitisha lolote, kwa kuwa huenda angalikuwa mzima bila unga huo. Pasipo kundi la kulinganishia, ushuhuda wa mtu mmoja haufikii kuwa sayansi.

Kosa kubwa zaidi ni kuifanya probiotiki kuwa badala ya kinga. Minyoo aina ya Toxocara cati hupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto, na haiondoki kwa bakteria rafiki bali kwa dawa ya minyoo. Mayai yake, yakikomaa udongoni, yaweza kuwaambukiza hata watoto wa binadamu wanaochezea hapo. Virusi vya panlukopenia, ambavyo huangamiza watoto wengi wa paka, huzuiwa kwa chanjo. Nayo maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi humpa yatima wa paka kwa huruma, yana protini kama nusu tu ya ile iliyomo katika maziwa ya paka, na mara nyingi humharisha. Anayeharisha ahitaji maji na daktari wa mifugo kwanza. Probiotiki ni msaada wa baadaye.

Yafaa walimu wa elimu ya viumbe walitumie somo hili madarasani. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza ni bakteria gani, kwa kiasi gani, na amelinganishwa na nini, hatadanganywa kwa urahisi na maandishi ya kopo, liwe ni kopo la dawa ya paka au la dawa yake mwenyewe.